Mtu Akiitwa Mwongo Kwa Grupu ya Mtaa: Vile Unaweza Kuuliza, Kujibu na Kuripoti Bila Kuvunja Ujirani

Ilikuwa Alhamisi, saa nne usiku, grupu yetu ya mtaa hapa Nakuru imetulia, watu washakula na wengine washalala, halafu jirani mmoja akaandika mstari mmoja tu: "Mweka hazina ni mwongo, amekula pesa ya matanga." Kufika saa nne na nusu meseji zilikuwa zimepita tisini.

Tulikuwa tunachangia familia ya jirani aliyefariki, mwili unapelekwa Busia Jumamosi. Mweka hazina wetu ni mama mmoja ambaye ameshika hiyo kazi miaka mingi na hakuna shilingi imewahi kupotea mikononi mwake, na jioni hiyo alikuwa ametangaza kwamba tumefikisha 38,400. Yule jirani naye akaketi akajumlisha ile orodha ya majina inayozunguka kwa grupu, ile ya "ongeza jina lako hapa chini", akapata 41,900. Tofauti ni 3,500, na kwa akili yake hesabu ikawa imekwisha, kuna mtu amekula.

Mimi ndiye admini. Nilichofanya usiku huo nakijutia mpaka leo, nilimtoa yule jirani kwa grupu. Nilidhani nazima moto na kumbe namwagia mafuta, maanake asubuhi nilipata watu kwa inbox wakiniuliza kama na mimi nimekula, kwa nini nimemfunga mdomo mtu anayeuliza pesa yake. Mweka hazina alitoka kwa grupu mwenyewe. Watu saba wakaniambia wameripoti namba ya yule jirani kwa WhatsApp ifungwe. Na marehemu bado hajazikwa.

Ijumaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi tuliketi kwa ngazi za duka la mtaa, mimi, yule jirani, na mama na daftari yake ya kava ya bluu. Tukapitia jina kwa jina, kidole juu ya karatasi. Haikuchukua hata nusu saa. Watu watatu walikuwa wameandika elfu moja moja lakini mbele ya majina yao hakuna tiki, walikuwa wameahidi tu na pesa haijaingia. Halafu kulikuwa na jina moja la mia tano limeandikwa mara mbili, namba 17 na namba 31, kwa sababu watu wawili walikopi orodha wakati mmoja, kila mmoja akaongeza lake akaituma, na aliyekuja kuziunganisha hakuona. Hiyo ndiyo 3,500 yote. Jirani alijumlisha sawa na mama alihesabu sawa, ni vile walikuwa wanahesabu vitu viwili tofauti.

Tangu hapo nimekaa na hii maneno sana, na nimesaidia kutuliza ugomvi kama huo mara kadhaa, kwetu hapa na kwa grupu ya wafanyabiashara ambayo dada yangu ako nayo kule Kibuye, Kisumu. Nikaona wacha niandike vile tunafanya siku hizi, mwenye grupu ya ploti, ya chama, ya wazazi wa shule ama ya kanisa aone kama itamfaa.

Kitu cha kwanza, na hapa ndipo naomba usome polepole, ni kuacha neno "mwongo" mpaka uwe umelifikia kwa miguu. Ili mtu awe mwongo lazima mambo matatu yakutane: alichosema si kweli, alijua si kweli wakati anasema, na alitaka wewe uamini. Ukiwa na simu mkononi saa nne usiku unaweza kuona lile la kwanza peke yake, na hata hilo mara nyingi hujaliona vizuri. Hayo mengine mawili yako ndani ya kifua cha mtu. Na Kiswahili hakijatunyima maneno, mtu anaweza kuwa amekosea, amesahau, amesikia vibaya, amepotoshwa na aliyemwambia, ametia chumvi, ameficha kitu, ama amedanganya. Hizi ni hali saba na kila moja ina dawa yake, aliyekosea unamwonyesha, aliyepotoshwa unamuuliza nani alimwambia, aliyetia chumvi unamwomba namba kamili. Ukianza na "mwongo" umezifunga zote saba kwa kamba moja, na mtu aliyefungwa hivo hataangalia hesabu tena, atapigania jina lake, na wewe ungekuwa yeye ungefanya vile vile.

Na neno "mwizi" ni baya zaidi. Sisi sote tunajua mtaani kwetu neno hilo likiitwa kwa sauti linafanya nini, watu hawaulizi, wanaokota mawe. Kwa grupu lina watu mia na kitu, wengine hawakujui wala hawamjui unayemtaja, na mlango wa huyo mtu wanaujua. Kwa hivyo usiliandike, hata ukiwa na uhakika. Ukiwa na uhakika, mahali pa kulipeleka ni kwa chifu ama kituo cha polisi ukiwa na ushahidi wako, sio kwa grupu.

Cha pili ni swali la baraza. Mzee wa mtaa akisikiliza kesi ya ng'ombe kula mahindi ya mtu, haanzi na "nani anasema ukweli?" Anauliza: uliona kwa macho yako, ama uliambiwa? Uliambiwa na nani? Na yeye alikuwa wapi? Hilo swali linafanya kazi hivo hivo kwa simu. Mtu akileta habari mwulize hayo matatu bila kumkejeli, na wewe ukileta habari sema mwenyewe kabla hujaulizwa, andika "nimeona", ama "nimeambiwa na mtu aliyekuwa hapo", ama "nimeipata kwa grupu ingine sijui ilitoka wapi". Maneno matano ya mwanzo kama hayo yanaweza kukuepusha na aibu kubwa, kwa sababu habari ikigeuka kuwa si kweli hakuna atakayesema ulidanganya, ulishasema ni ya kuambiwa.

Sasa kuangalia kabla hujashtaki, na nianze na pesa maanake ugomvi mwingi wa uaminifu kwa hizi grupu ni pesa. Skrinshoti ya M-Pesa usiichukue kama pesa. Skrinshoti ni picha na picha inahaririwa kwa dakika mbili. Meseji yenyewe pia inaigwa, ila ya kweli inaingia kwa jina la MPESA, ile ya kuigwa mara nyingi inatoka kwa namba ya kawaida ya simu, na ukiipokea ukakimbilia kusoma jina na kiasi unaweza usione hilo. Njia ya uhakika ni kodi, ile ya herufi na namba kumi inayoanza meseji. Aliyetuma na aliyepokea wanapata kodi moja, kwa hivyo mtumaji asome yake na mweka hazina aitafute kwa simu yake, ikiwa iko pande zote mbili na kiasi ni kile kile basi pesa iliingia. Lakini kuna kitu kimoja watu husahau. Mtu akituma kwa namba isiyo sahihi anaweza kufowadi ile meseji kwa 456 kuomba pesa irudishwe, na ikirudi, skrinshoti yake ya mwanzo bado iko pale inaonyesha "nilituma". Hajadanganya aliyeonyesha hiyo skrinshoti jana, na mweka hazina hajadanganya akisema leo haiko. Kwa hivyo stetimenti ndiyo ya kuangalia, meseji moja haitoshi.

Halafu kuna huu ugomvi wa "sikusema hivyo" na "ulisema, nilisoma na macho yangu". WhatsApp siku hizi inakubali mtu ahariri meseji yake ndani ya dakika 15, na ikishahaririwa kunabaki kaneno kadogo kando ya saa kuonyesha imebadilishwa, ila ile ya mwanzo huioni. Tulikuwa na kesi ya watu wawili waliogombana siku mbili kuhusu saa ya mkutano wa maji, mmoja anasema katibu aliandika saa tisa, mwingine saa kumi, na wote wawili walikuwa sawa, mmoja alisoma kabla ya kuhaririwa na mwingine baadaye. Ukikuta hiyo alama, kabla ya kumkazia mwenzako mwulize alisoma saa ngapi. Na ukihariri kitu kikubwa kama saa, kiasi ama jina la mtu, andika chini meseji mpya: "nimerekebisha hapo juu, ilikuwa saa tisa, sasa ni saa kumi." Usibadilishe kimya kimya.

Picha nayo. Mwaka mmoja msimu wa mvua kule Kibuye, kwa grupu ya dada yangu, kuliingia picha ya barabara imefunikwa na maji, na maneno "Ahero imekatika, msitoe mzigo leo." Watu wa nyanya wakapigia madereva simu warudi. Kufika saa tano dereva mmoja ambaye hakuwa na bando akaingia sokoni na gari limejaa, akashangaa anaulizwa amepita wapi. Amepita Ahero, barabara imekauka. Picha ilikuwa ya kweli, ni mafuriko ya Nyando kweli, lakini ya zamani. Watu walitaka kumtoa yule mama aliyeituma, ati amefanya makusudi ili nyanya zake zipande bei. Dada yangu akauliza lile swali la baraza: uliipata wapi? Ilitoka kwa shemeji yake, shemeji aliitoa kwa grupu ya boda, na hapo ikapotelea.

Hiyo picha ilikuwa na dalili mbili ambazo hakuna aliyeziangalia. Ilikuwa na mishale miwili juu, na mishale miwili inamaanisha ujumbe umepita mikono mingi, angalau watu watano kabla haujakufikia, ndiyo sababu tangu Aprili 2020 WhatsApp inakubali ujumbe kama huo ufowadiwe kwa grupu ama mtu mmoja tu kwa mara moja. Ukiona hiyo mishale usimuulize aliyetuma "kwa nini unadanganya", yeye amekuja mwisho kabisa, mwulize kama anaijua chanzo. Pia mngeweza kuipitisha kwa Google Lens muone ilishawahi kutokea wapi. Lakini njia rahisi kuliko zote kwa mambo ya hapa nyumbani ni kumpigia mtu aliye hapo. Ahero si mbali. Mwambie atoke nje apige picha sasa hivi akutumie. Nyando na Budalangi zinafurika kweli miaka mingi, ndio maana picha ya zamani inaaminika haraka, na ndio maana siku maji yakija kweli tunahitaji watu waamini. Ukishamfukuza mama aliyetuma picha ya zamani kwa nia njema, siku ya maji ya kweli ataogopa kuandika.

Ukishaangalia na bado kuna kitu hakikai sawa, uliza. Kuuliza ni haki yako, hakuna mweka hazina, mwenyekiti wala admini anayestahili kukasirika akiulizwa. Ila kuna vile ya kuuliza. Yule jirani wetu angeandika hivi tungelala usingizi: "Mama, shikamoo. Nimejumlisha orodha ya saa moja jioni nikapata 41,900, na wewe umetangaza 38,400. Naomba kesho tuangalie tofauti inatoka wapi, pengine nimehesabu kitu ambacho hakijaingia." Angalia hayo maneno, kuna namba mbili, kuna saa, kuna ombi, na kuna nafasi ya yeye mwenyewe kuwa ndiye aliyekosea. Huwezi kupigana na meseji kama hiyo, unaweza tu kuijibu.

Na umtumie inbox kwanza. Mpe muda unaojulikana, kwa mfano mpaka kesho saa nne asubuhi, umwambie baada ya hapo utauliza kwa grupu. Muda ukipita kimya, sasa lete kwa grupu maneno yale yale bila kuongeza chumvi. Mahali pekee ambapo inbox haifai ni pale watu wako karibu kufanya jambo lisilorudi nyuma, wako karibu kutuma pesa kwa namba ya tapeli, ama wako karibu kuandamana kwenda kwa mlango wa mtu. Hapo andika kwa grupu papo hapo: "Tafadhali ngojeni kidogo, hii bado haijathibitishwa, napiga simu."

Kama wewe ndiye umeitwa mwongo, najua inauma, na mkono unakimbilia simu. Usitoke kwa grupu. Mweka hazina wetu alitoka kwa uchungu, namwelewa kabisa, lakini wasiomjua walisema "si mnaona amekimbia". Usitume ujumbe wa sauti wa dakika sita ukiwa na hasira, hakuna atakayesikiliza mpaka mwisho na ile sehemu moja mbaya ndiyo itakatwa ifowadiwe. Usimwage stetimenti yote kwa grupu kuthibitisha usafi wako, ina majina na namba za watu wengine ambao hawajakupa ruhusa, na ina mambo yako mengine ambayo si ya majirani. Andika mstari mmoja: "Nimeona swali. Kesho saa mbili asubuhi nitaleta daftari, wawili watatu waje tuangalie pamoja." Halafu weka simu chini kweli kweli. Kesho saa mbili uwe hapo. Na ikigeuka kwamba wewe ndiye ulikosea, sema "nilikosea, ni mimi", na usiweke "lakini" nyuma yake.

Tuje kwa kuripoti, ambapo naona watu wengi tunateleza bila kujua. Baada ya lile tukio nilienda kwa wale saba mmoja mmoja nikawauliza: uliripoti kitu gani? Watano walinijibu kitu karibu sawa, "alikuwa anasumbua." Hakuna hata mmoja aliyenitajia sheria gani imevunjwa. Na yule jirani ni fundi wa friji, wateja wake wote wanampata kwa WhatsApp. Ile namba ingefungwa, watoto wake wangelala njaa kwa sababu baba yao alijumlisha ahadi pamoja na pesa taslimu.

Ujue kinachotokea ukiripoti. Ukimripoti mtu ama grupu, meseji tano za mwisho ulizopokea kutoka kwake zinatumwa kwa kampuni ya WhatsApp, na mwenyewe haambiwi. Unaweza pia kushikilia meseji moja ukairipoti hiyo. Sasa fikiria, anayeangalia huko hajui matanga ni nini, hamjui mama na hana daftari, hawezi kukwambia kama 3,500 imeliwa. Anachoweza ni kuona kama mtu anatapeli, anajifanya mtu mwingine, anatisha watu, anatuma picha za uchi, ama anarusha matangazo kwa kila mtu. Ugomvi wa ukweli wa mtaa hauendi huko, unaenda kwa admini ama kwa wazee, watu wanaoweza kukalisha pande mbili kwa ngazi za duka.

Kipimo changu ni hiki. Kabla hujabonyeza, jaribu kusema kwa sentensi moja ujumbe wenyewe unafanya nini, bila kutaja nani ameandika na bila kusema kama unakubaliana naye. "Ujumbe huu unaomba pesa kwa jina la mtu mwingine." Ripoti. "Unatoa namba ya simu na nyumba ya mtu ili afuatwe." Ripoti, na umwambie admini saa hiyo hiyo. "Unatishia kumpiga mtu." Ripoti, na hifadhi. Lakini sentensi ikitoka "anajifanya anajua sana", ama "kila siku anapinga", ama "si wa upande wetu", rudisha kidole. Kuripoti ni kutoa ushahidi, na ukitoa ushahidi ukijua hakuna kosa, basi wewe ndiye umesema uongo siku hiyo, hata kama hukuandika neno lolote. Na ile tabia ya kuambiana "wote turipoti hii namba" ni kumpiga mtu mawe, tofauti ni kwamba mkono wako hauonekani.

Kuna aina moja ambayo sikai nayo hata dakika tano, nayo ni ya kabila. Mtu akiandika "watu fulani wahamishwe hapa", ama akiita jamii nzima wadudu ama madoadoa, hiyo si hoja ya ukweli na uongo na haina haja ya swali la baraza. Mimi ni mtu wa Nakuru. Mwisho wa Januari 2008 mji huu ulichomeka, watu waliuawa na majirani, na kabla ya hapo simu zilikuwa zimejaa meseji za namna hiyo hiyo, "wanakuja usiku", "wamejipanga", kila mtu akizipitisha bila kuuliza. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa iliyotungwa mwaka huo wa 2008 inaweka faini ya hadi shilingi milioni moja ama kifungo cha hadi miaka mitatu, ama vyote viwili, kwa anayechochea chuki ya kikabila. Piga skrinshoti, mwambie admini, ifutwe, na kama kuna kutisha ipelekwe kwa chifu, polisi ama Tume ya Uwiano. Ila usiifowadi kwa grupu zingine "ili watu waone", ukifanya hivo wewe ndiye mbebaji.

Kwa sababu watu hutishiana sana na mahakama, niseme kidogo. Kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kile kilichofanya kuchafua jina la mtu kuwa kosa la jinai, Mahakama Kuu ilikiondoa Februari 2017. Lakini kesi ya madai bado iko, mtu anaweza kukushtaki umlipe fidia, na Katiba ya 2010 kwenye kifungu cha 33 inasema anayetumia uhuru wake wa kusema aheshimu haki na sifa za wengine. Ukihifadhi ushahidi usikate skrinshoti, acha jina, tarehe na meseji za kabla na baada zionekane, na meseji yenyewe uiache kwa simu, maanake mahakamani ushahidi wa simu unahitaji cheti kinachoeleza ulitolewaje, karatasi ya skrinshoti peke yake inaweza kukataliwa.

Wewe admini mwenzangu, haya machache nimeyajifunza kwa gharama. Usimtoe mtu ambaye ameuliza swali la pesa halijajibiwa, hata kama ameuliza kwa matusi. Futa lile tusi, acha swali. WhatsApp inakuruhusu kufuta ujumbe wa mwingine na inaonyesha kila mtu kwamba wewe ndiye umefuta, kwa hivyo andika hapo hapo kwa nini: "Nimefuta ujumbe wa saa nne na dakika tatu kwa sababu unamwita mtu mwizi bila ushahidi. Swali la tofauti ya 3,500 bado liko na litajibiwa kesho saa mbili." Piga skrinshoti kabla ya kufuta, ukae nayo. Usiku ukiona moto unawaka funga grupu iwe ya admini tu kuandika mpaka asubuhi, na useme itafunguliwa saa ngapi, watu wakilala wanaamka na akili ingine. Na ukifuta la mtu usiyempenda, siku rafiki yako akiandika kama hilo lifute pia, watu wanakuangalia hapo kuliko mahali pengine popote.

La mwisho ni kurekebisha. Kama ulisema kwa grupu, rekebisha kwa grupu, sio inbox. Kama ulisema saa ambayo watu wote wako macho, usiombe msamaha saa nane usiku. Kama ulifowadi kwa grupu nne, rudi kwa hizo nne. Ijumaa ile saa tatu nilimrudisha yule jirani, na akaandika mwenyewe: "Jana nilimwita mama mwongo na nikasema amekula pesa. Tumeketi na daftari leo asubuhi. Hakuna pesa imepotea, nilijumlisha ahadi na jina moja mara mbili. Nimekosea na namwomba mama msamaha mbele yenu wote." Mimi nikaandika langu la kumtoa, na nikaibandika meseji yake juu ya grupu kwa siku saba ili hata asiyeshika simu Ijumaa aione. Mama hakurudi siku hiyo. Alirudi Jumatatu, baada ya mazishi, akasema tu "nimerudi, tuendelee."

Orodha tunaiweka tofauti sasa. Hakuna kukopi tena, unamtumia mama jina na kodi, yeye peke yake ndiye anaandika, na ina safu mbili, moja ya ahadi na nyingine ya iliyoingia, mbele ya kila iliyoingia kuna herufi nne za mwisho za kodi ya M-Pesa. Anatangaza mara moja kwa siku, saa moja jioni. Na kila Jumapili baada ya kanisa yule fundi wa friji anapita kwake na kalamu nyekundu wanasoma pamoja, mmoja simu, mwingine daftari. Jumapili iliyopita walikuta mia mbili zaidi, pesa taslimu ambayo mtoto wa ploti ya nyuma aliiacha mlangoni na mama akasahau kuiandika. Wakaiandika, wakafunga daftari, wakanywa chai.